Ruzuku ya kujiandaa kwa maafa wilayani: mwongozo kamili kuanzia bajeti hadi hoja ya mkaguzi

Chukua karatasi moja uchore miezi kumi na miwili, kuanzia Julai hadi Juni. Juu yake weka fedha: mwaka wa serikali ya Uganda unafunguliwa tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni, na fedha hushuka robo kwa robo. Chini yake weka mvua: Septemba hadi Desemba, kisha Machi hadi Mei, isipokuwa Karamoja ambako msimu ni mmoja mrefu. Utaona mara moja kwamba fedha ya robo ya kwanza inafika wilayani mvua ikiwa mlangoni, na fedha ya robo ya nne inafika maji yakiwa yameshapita nyumbani kwa watu. Ruzuku nyingi za kujiandaa kwa maafa huharibikia hapo. Wizi upo, lakini kinachoziangusha mara nyingi zaidi ni kazi kuanza kuandikwa siku fedha inapoingia, badala ya kuandikwa miezi mitatu kabla.

Mwongozo huu ni wa wale wanaoishika fedha hiyo kwa mikono yao: CAO (mtendaji mkuu wa wilaya) na wasaidizi wake, mhasibu, mpangaji wa wilaya, afisa wa maafa, mhandisi, afisa ununuzi, na mkuu wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya). Kwenye jiji na manispaa, badala ya CAO weka karani wa mji. Mengine ni yale yale.

Kwanza, jua ni fedha ya aina gani

Kifungu cha 193 cha Katiba kinataja ruzuku za aina tatu kwa serikali za mitaa: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kusawazisha. Tofauti hii ndiyo huamua kama unaruhusiwa kununua maturubai au la. Fedha ya masharti iliyotolewa kwa madarasa haigeuki kuwa ukuta wa mto, hata mto uwe umelamba nusu ya uwanja wa shule.

Kwa utayari wa maafa, mlango ulio wazi zaidi ni ruzuku ya maendeleo ya hiari, ile inayoitwa DDEG, iliyoanza na mageuzi ya ruzuku ya mwaka wa fedha 2016/17. Inaenda wilayani na inashuka hadi gombolola. Miongozo yake hutolewa upya, na ndani yake kuna orodha ya kazi zinazoruhusiwa, zisizoruhusiwa, na viwango vya juu vya fedha ya usimamizi na ya kujenga uwezo. Chapisha mwongozo wa mwaka huo, upige mstari chini ya kila kipengele unachotegemea, uuweke ndani ya faili la mradi. Mkaguzi akiuliza ni kwa mamlaka gani ulijenga mtaro wa maji ya mvua, jibu liwe ukurasa.

Mlango wa pili ni ruzuku za sekta. Kinga ya radi kwenye shule inaweza kuingia katika ujenzi wa elimu ikiwa imo ndani ya michoro na BOQ (orodha ya vipimo na gharama za kazi) tangu mwanzo. Ukiifikiria baada ya jengo kuisha, itakubidi uitafutie fedha peke yake.

Mlango wa tatu ni Ofisi ya Waziri Mkuu, kupitia idara yake ya misaada na maafa. Hapa mara nyingi hupokei fedha bali vitu: posho (unga wa mahindi), maharage, blanketi, mabati. Watu husahau kwamba mali isiyokuja na hundi nayo ina hesabu yake.

Halafu upo Mfuko wa Dharura wa taifa, unaotajwa katika kifungu cha 157 cha Katiba na kupewa mwili na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, kwa kiwango cha asilimia 0.5 ya bajeti ya mwaka uliotangulia. Huo si mfuko wa wilaya. Usiuandike kwenye bajeti yako kama chanzo cha mapato.

Neno dogo kuhusu sheria zenyewe: toleo jipya la Sheria za Uganda lilianza kutumika Julai 2024 na namba za sura na vifungu vikabadilika. Barua nyingi za wilayani bado zinanakili namba za zamani. Taja sheria kwa jina, kisha angalia namba kwenye toleo jipya kabla ya kuisaini barua.

Kamati iwepo kabla ya maafa

Sera ya Taifa ya Kujiandaa na Kusimamia Maafa ya mwaka 2010 inataka kamati za maafa ngazi ya wilaya, gombolola na kijiji. Kwa karatasi kila wilaya inayo. Kwa vitendo, kamati isiyo na muhtasari wa kikao haipo, na bila muhtasari huwezi kueleza kwa nini uliamua kujenga gabioni (visanduku vya waya vilivyojazwa mawe) huko Bukalasi na si kwingine.

Vikao vinne kwa mwaka vinatosha kwa siku za kawaida, viwili kati yake viwe Agosti na Februari, mara tu utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, UNMA, unapotoka. Aketi afisa wa maafa, mpangaji, mhandisi, afisa wa mazingira, afisa wa maendeleo ya jamii, daktari wa wilaya, polisi pamoja na kikosi chao cha zimamoto na uokoaji, na Msalaba Mwekundu. RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ana usalama; mwenyekiti wa LC5, yaani wa baraza la wilaya, ana siasa. Wote wawili wanahitajika, ila wasisaini hati za malipo. Anayewajibika kisheria kwa kila shilingi ni afisa masuuli, yaani CAO, na hawezi kumtupia mtu mwingine lawama hiyo.

Kalenda ya kazi

Waraka wa kwanza wa bajeti kutoka Wizara ya Fedha hutoka katikati ya Septemba, ukija na makadirio ya fedha za kila wilaya. Wa pili hutoka Februari. Bajeti ya wilaya lazima iwe imepitishwa na baraza la madiwani kufikia 31 Mei. Ukirudi nyuma kutoka hapo, kazi inapangika hivi.

Septemba na Oktoba: kusanya ushahidi wa hatari. Unahitaji ramani ya vijiji vilivyo kwenye mteremko au kando ya mto, orodha ya matukio ya miaka mitano, na idadi ya kaya. Bududa haihitaji kuelezwa nini kilitokea Nametsi tarehe 1 Machi 2010, wala Kasese haijasahau mto Nyamwamba wa Mei 2013 na wa Mei 2020. Lakini kumbukumbu ya watu haipandi kwenye mfumo wa bajeti. Andika tarehe, kijiji, muluka (eneo la vijiji kadhaa ndani ya gombolola), kaya zilizoathirika, kilichoharibika, na nani alithibitisha.

Novemba: andiko la mfumo wa bajeti. Hapa mstari wa utayari uingie ukiwa na jina lake. Ukiuficha ndani ya “usimamizi wa ofisi,” utakatwa mara ya kwanza fedha zitakapopungua.

Januari hadi Machi, jua likiwa kali: wapeleke mhandisi na afisa wa mazingira kwenye eneo. Vipimo vya mto vichukuliwe maji yakiwa chini na msingi wa kingo ukionekana. Wakati huo huo pata hati ya ardhi au makubaliano ya maandishi na mwenye shamba, yakishuhudiwa na LC1 (uongozi wa kijiji). Miradi inayokwama kwa sababu “mzee amebadili mawazo” ni mingi kuliko inayokwama kwa kukosa fedha, na tathmini ya utendaji wa serikali za mitaa huuliza kuhusu ushahidi wa ardhi. Fomu ya uchunguzi wa athari za mazingira na jamii ijazwe sasa, maana afisa wa mazingira na wa maendeleo ya jamii watatakiwa kuthibitisha tena kabla mkandarasi hajalipwa.

Aprili hadi Juni: maelezo ya kiufundi, michoro, BOQ, na mpango wa ununuzi. Ikifika Juni, nyaraka za zabuni ziwe zimekamilika zikisubiri bajeti tu. Wilaya inayotangaza zabuni Julai inaweza kusaini mkataba kabla Septemba haijaisha. Inayoanza kuandika BOQ Oktoba itamwaga zege Machi, mvuani.

Fedha isiyotumika hadi 30 Juni inarudi kwenye Mfuko Mkuu. Hakuna kuificha kwenye akaunti, kwa sababu fedha zote zinapita Akaunti Moja ya Hazina.

Kukadiria: mfano wa ukuta wa gabioni

Kosa la kawaida ni BOQ yenye mstari mmoja unaosema “ujenzi wa gabioni, kazi 1.” Mstari huo hauwezi kukaguliwa. Uvunje.

Tuseme unalinda mita 30 za ukingo kwa ukuta wenye kimo cha mita 2, kwa visanduku vya mita 2 kwa 1 kwa 1. Tabaka la chini linalala kwa upana: kila kisanduku kinachukua mita 1 ya ukingo, kwa hiyo visanduku 30. La juu linalala kwa urefu: visanduku 15. Jumla 45, na kila kimoja kinameza mita za ujazo 2 za mawe, yaani 90. Ongeza asilimia kumi ya upotevu, agiza 100. Andika kwenye maelezo: waya uliopakwa zinki, unene wa milimita 2.7, tundu la milimita 80 kwa 100; mawe magumu ya milimita 100 hadi 250; kitambaa cha kuchuja nyuma ya ukuta; msingi uchimbwe chini ya kitanda cha mto.

Sasa yanayoharibika. Mkandarasi analeta mawe madogo, na mto unayanyonya kupitia matundu hadi kisanduku kinabaki kama gunia tupu. Au anaruka kitambaa cha kuchuja kwa kuwa hakionekani ukuta ukimalizika. Udongo unahama nyuma yake taratibu na ukuta unainama kuelekea shambani. Au anaujenga msingi juu ya changarawe, maji yanachimba chini, na msimu wa kwanza tu unaanguka mzima. Dawa ni moja: hakuna tabaka kufunikwa kabla mhandisi hajalipiga picha yenye tarehe na kulisaini.

Na mawe yapimwe kwenye tipa, si kwa maneno. Siku ya kwanza pima urefu, upana na kina cha bodi la kila tipa, andika namba ya gari na ujazo wake, kisha hesabu tripu. Tipa inayoitwa “ya mita saba” ikipimwa mara nyingi hubeba pungufu, na kwenye mita 100 upungufu huo ni fedha ya kutosha kujengea mtaro.

Kinga ya radi shuleni

Radi ni hatari ambayo wilaya nyingi hazijaibajetia ipasavyo, ingawa shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, ilipoteza watoto 18 kwa radi moja mwezi Juni 2011. Kazi yenyewe ni ndogo na ya bei nafuu ukilinganisha na jengo, na ndiyo maana huchezewa.

Mfumo una sehemu tatu: fimbo ya kupokea juu ya paa, mkanda wa kushusha umeme, na fimbo za ardhini. Kwenye maelezo andika mkanda wa shaba wa milimita 25 kwa 3, na upinzani wa ardhi usiozidi omu 10. Kisha andika masharti ya kipimo: kipimwe mbele ya mhandisi wa wilaya na mwalimu mkuu, kwa kifaa chenye cheti cha usahihi, ardhi ikiwa kavu. Maneno “ardhi ikiwa kavu” yana thamani kubwa. Fundi mjanja hupima asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa umelowa, anapata omu 8 na kulipwa; Januari shule hiyo hiyo ina omu 40.

Angalia pia kama fimbo ya ardhini imezama yote au imekatwa ikabaki nusu. Shaba huibiwa, kwa hiyo mkanda wa mita mbili za chini upitishwe ndani ya bomba la plastiki lililofungwa ukutani, na mtu mmoja pale shuleni apewe kazi ya kuukagua kila muhula. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji jina.

Ununuzi: dharura ni nini, na nini si dharura

Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003, iliyorekebishwa mwaka 2021, inakubali hali ya dharura: maisha au mazingira kuwa hatarini, nchi kukabiliwa na maafa. Lakini inaweka sharti ambalo watu hulisoma haraka mno: hali hiyo isiwe imesababishwa na uzembe au kuchelewa kwa mnunuzi. Mafuriko ya usiku ni dharura. Maturubai uliyojua tangu Septemba kwamba yatahitajika, ukakumbuka kuyanunua mwezi Mei fedha ikikaribia kurudi Hazina, hayo si dharura, na kuyanunua moja kwa moja kwa muuzaji mmoja ni hoja ya ukaguzi iliyokwisha kuandikwa.

Hata dharura ikiwa ya kweli, karatasi hazifutwi, zinafupishwa. Idara inayohitaji ijaze ombi la ununuzi. Afisa masuuli athibitishe kwamba fedha ipo. Kamati ya mikataba iitwe siku hiyo hiyo iidhinishe njia ya ununuzi. Muuzaji apewe oda ya maandishi kabla ya kupakia. Ripoti ya tathmini ya maafa iambatishwe, maana ndiyo sababu ya kuacha ushindani. Kama wilaya yako imeingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa ununuzi, e-GP, hatua hizi zinafanyika humo. Hakikisha wajumbe wa kamati wana nywila zinazofanya kazi. Kuna zabuni zilizosubiri siku nne kwa sababu mwenyekiti alisahau nywila yake.

Njia bora kuliko dharura ni mkataba wa mfumo. Mwezi Julai unashindanisha wauzaji kwa bei ya kila kipimo: kilo ya posho, turubai moja, lita ya dizeli, kukodisha greda kwa siku. Hununui chochote bado. Maafa yakitokea unatoa oda kwa bei iliyokwisha kubaliwa, na mali inapakiwa kesho yake. Chagua wauzaji wawili au watatu kwa kila kitu muhimu, kwa sababu mafuriko yaliyokata barabara yako yanaweza kuwa yamefunika na ghala la muuzaji wako pekee.

Usigawanye manunuzi ili yakae chini ya kiwango cha ushindani. Oda tatu za wiki moja, kwa muuzaji yule yule, kila moja ikiwa chini kidogo ya kikomo: mkaguzi wa ndani huziona kabla hata ya kufungua faili.

Stoo ya wilaya

Kuna vitu vya kuweka stoo na vitu vya kuacha kwa muuzaji chini ya mkataba wa mfumo. Posho usiiweke. Unga unavuta unyevu, unaota ukungu, na viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu usizidi asilimia 14 na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Stoo ya wilaya yenye bati lililotoboka haiwezi kuhakikisha hilo kwa miezi sita. Weka maturubai, blanketi, madumu, vyandarua, sabuni, kamba, koleo, na dawa ya kutibu maji.

Kadiria kwa kaya 100 za watu watano, yaani watu 500. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24, linatosha kaya moja ukizingatia kiwango cha kimataifa cha mita 3.5 kwa mtu; weka 100 na kumi za akiba. Madumu mawili ya lita 20 kwa kaya: 200. Vyandarua vitatu kwa kaya: 300. Maji, lita 15 kwa mtu kwa siku, ni lita 7,500 kila siku. Boza moja la lita 10,000 linatosha kwa tripu moja, ila likikwama kwenye tope ni nani analeta la pili? Choo, kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo: vyoo 10, vikiongezwa hadi kimoja kwa watu 20, yaani 25.

Chakula cha wiki mbili kwa watu hao hao, kwa kadirio la gramu 400 za posho, 80 za maharage na 25 za mafuta kwa siku: posho kilo 2,800, au magunia 56 ya kilo 50, maharage kilo 560, mafuta kilo 175. Takwimu hizi ndizo ziingie kwenye mkataba wa mfumo.

Kila kinachoingia kiwe na hati ya kupokea mali iliyosainiwa na mtunza stoo pamoja na mtumishi wa idara nyingine, si dereva aliyekileta. Kila kinachotoka kiwe na hati ya kutolea na saini ya anayepokea. Kashfa ya mabati ya Karamoja ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba chapa ya serikali iliyogongwa juu ya bati haimzuii mtu kulipeleka kwingine; anachokihofia ni daftari linaloonyesha limetoka siku gani, kwa nani, kwa idhini ya nani. Hesabu stoo kila robo, na mara moja kabla ya kila msimu wa mvua. Fungua turubai moja katika kila kumi. Panya hawasomi lebo.

Malipo, kodi na masurufu

Kabla ya kulipa, vocha iwe na vitu hivi mezani: ombi la ununuzi, uamuzi wa kamati ya mikataba, mkataba au oda, hati ya kupokea mali au cheti cha kazi cha mhandisi, uthibitisho wa mazingira na jamii kwa kazi za ujenzi, na ankara ya EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato) kwa muuzaji aliyesajiliwa kwenye VAT. Kikikosekana kimoja, rudisha. Kulipa kwanza na kutafuta karatasi baadaye ndiyo njia fupi ya kufika mbele ya kamati ya hesabu za umma.

Malipo kwa muuzaji yanayozidi shilingi 1,000,000 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 6, isipokuwa kama ana cheti cha msamaha kutoka URA. Kwa kazi ya shilingi 40,000,000 kabla ya VAT, zuio ni 2,400,000. VAT ya asilimia 18 juu ya kazi hiyo ni 7,200,000. Bajeti ikiandikwa bila VAT, mradi wa milioni 40 unadai 47,200,000 na hapo ndipo mhandisi anaanza kufupisha ukuta.

Masurufu ya kazi za uwanjani yasiwekwe kwenye akaunti binafsi ya afisa. Hoja hii hujirudia kwenye ripoti za Mkaguzi Mkuu mwaka baada ya mwaka. Wahamasishaji wa vijiji walipwe moja kwa moja kwa njia ya kielektroniki, kila mmoja kwa jina na namba yake. Na mtu asiyerejesha masurufu ya kwanza asipewe ya pili, hata kama maji yanapanda. Atatafutwa mwingine.

Bakaa ya mkandarasi, yaani sehemu ya malipo yake inayozuiwa hadi muda wa kasoro uishe, husahauliwa na wengi. Kazi ikimalizika Mei na muda wa kuangalia kasoro ukiwa miezi sita, bakaa inadaiwa Novemba, mwaka mwingine wa fedha. Fedha ya mwaka huu itakuwa imesharudi. Iandike kama mstari wa kwanza wa bajeti inayofuata, la sivyo itageuka deni la ndani.

Maafa yakitokea katikati ya mwaka

Saa 24 za kwanza: LC1 na mkuu wa gombolola wanatoa idadi ya awali, afisa wa maafa anaipeleka kwa CAO na kwa kituo cha taifa cha uratibu wa dharura, NECOC, kilicho chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Idadi ya awali iandikwe “ya awali.” Takwimu iliyokuzwa ili kuvuta msaada itakurudia mkaguzi akilinganisha kaya 900 ulizoomba na kaya 310 ulizogawia.

Ndani ya saa 72: tathmini kamili, kaya kwa kaya, kwa fomu moja. Safu zinazohitajika ni jina la mkuu wa kaya, kijiji, muluka, idadi ya watu kwa umri na jinsia, walemavu na wajawazito, kilichoharibika, simu, na namba ya kitambulisho kama anacho. Kitambulisho kimezama? Andika hivyo, LC1 ashuhudie, usimfute mtu. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya wanakijiji kabla ya kupitishwa. Majina ya watu wasiokaa hapo huondolewa na majirani ndani ya dakika tano, kazi ambayo ofisi ingechukua wiki.

Kuhamisha fedha ndani ya bajeti kuna mpaka: sheria ya fedha inaruhusu hadi asilimia 10 ya kipengele cha bajeti, na ruzuku ya masharti haiguswi bila ruhusa ya wizara husika. Zaidi ya hapo unahitaji bajeti ya nyongeza. Barua ya kuomba hayo iambatane na tathmini, muhtasari wa kamati ya maafa na makadirio ya gharama. Barua yenye picha za kusikitisha bila hesabu hukaa mezani Kampala.

Wakati wa kugawa, kila anayepokea asaini au aweke dole gumba mbele ya jina lake, na orodha mbili ziandaliwe: moja ibaki gombolola, nyingine irudi wilayani pamoja na hati ya kutolea. Kinachobaki kirudi stoo siku hiyo hiyo kwa hati. Gunia mbili zilizolala nyumbani kwa diwani kwa nia njema zinaonekana kama wizi, na hakuna namna ya kuthibitisha vinginevyo.

Ripoti na mkaguzi

Ripoti ya kila robo inaingia kwenye mfumo wa bajeti, PBS. Andika matokeo yanayopimika: mita 30 za ukingo zimejengwa, shule 4 zimewekewa kinga zikiwa na omu hizi. “Shughuli za utayari zimefanyika” haimsaidii mtu yeyote, na tathmini ya utendaji, ambayo matokeo yake hugusa kiasi cha ruzuku ya mwaka unaokuja, haitoi alama kwa sentensi kama hiyo. Bandika kiasi cha fedha kilichopokelewa na jina la mkandarasi kwenye ubao wa gombolola, na uzisome takwimu hizo hizo kwenye baraza. Wananchi wakijua ukuta ni wa mita 30, wataupima wenyewe kwa hatua.

Hesabu za mwaka zinapelekwa kufikia 31 Agosti. Faili la kila mradi liwe limekamilika kabla ya hapo, kwa mpangilio wa tukio: hatari, uamuzi wa kamati, ardhi, mazingira, BOQ, ununuzi, mkataba, picha za kila tabaka, vyeti, vocha, makabidhiano, na orodha ya matengenezo. Mkaguzi hana kawaida ya kusubiri. Waraka usiopatikana akiwa wilayani unahesabika haupo, hata ukiupata wiki inayofuata chini ya meza ya mhandisi.

Akiandika hoja, usijibu kwa hasira wala kwa insha. Jibu hoja kwa hoja: tunakubali au hatukubali, sababu ni hii, ushahidi ni kiambatisho namba hii, kilichorekebishwa ni hiki na tarehe yake. Kama kosa lipo, mfano mawe ya gabioni hayakufika kiwango, ambatisha barua ya kumwagiza mkandarasi ayabadilishe kwa gharama yake ndani ya muda wa kasoro, na uhakikishe bakaa yake bado haijalipwa.